Mchanga wa Mtoni Unafikaje Kilindini

Haya jamani, naona tumeshakaa, waliosimama huko nyuma mbele bado kuna viti. Nimeombwa niongelee safari ya mashapo, yaani mchanga, tope na changarawe, kutoka mtoni mpaka kilindini, na nitaongea kama ninavyoongea siku zote, mwenye swali asisubiri mwisho, anyooshe mkono tu.

Naanza na mchoro ambao yeyote aliyepita darasa la jiolojia keshauona. Una picha mbili. Kwenye ya kwanza bahari iko chini, mto umevuka mpaka ukingoni, mchanga unaporomoka kwenda kilindini na huko chini kuna lundo kubwa linakua. Kwenye ya pili bahari iko juu, mto unaishia mbali huko nyuma, delta inajijenga taratibu pwani, na kilindini kumepoa, hakuna kinachoshuka zaidi ya maganda ya viumbe wadogo wadogo waliokufa juu. Bahari ikishuka njia inafunguka, bahari ikipanda njia inafungwa, basi. Mchoro huu ulipata nguvu hasa baada ya mwaka 1977 pale Peter Vail na wenzake wa kampuni ya Exxon walipochapisha kazi yao ya kusoma tabaka za chini ya bahari kwa mawimbi ya sauti, na kwa watu wanaotafuta mafuta ulikuwa mchoro mtamu sana maana unakwambia kabisa mchanga mzuri utaukuta kwenye tabaka za kipindi gani.

Mimi siupingi mchoro. Ninachopinga ni kuugeuza kuwa sheria. Kwangu swali la kwanza sio bahari iko juu au iko chini, swali la kwanza ni kutoka mlango wa mto mpaka kichwa cha korongo la chini ya maji lililo karibu, yaani pale korongo linapoanzia upande wa pwani, ni umbali gani. Ukishajua hilo ndo unaweza kuuliza habari ya usawa wa bahari ukapata jibu la maana.

Sasa tuupange uwanja kwanza. Bara haliishii pale maji yanapoanza. Ukiingia baharini kwa kawaida unakuta uwanda uliozama, karibu tambarare kabisa, ndo unaoitwa rafu ya bara, upana wake kwa wastani wa dunia ni kama kilomita 80 ila wastani huo unadanganya sana kwa sababu kuna pwani rafu yake haizidi kilomita chache na nyingine inapita kilomita 300. Mwinamo wake ni mdogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya digrii, yaani ingekuwa imekauka ukasimama juu yake usingejua kama unashuka. Halafu kwenye kina cha mita 130 hivi uwanda unakatika, unaanza mteremko wa bara, digrii 3 au 4, unashuka mpaka kwenye kina cha kilomita 3, 4, hata 5. Fikirieni kibaraza kipana halafu uwanja uko chini kabisa. Mto unaleta mzigo wake unaubwaga upande wa mlangoni, na hoja yetu yote ya leo ni nani anausogeza mpaka ukingoni.

Hapo watu wengi wananiambia si mto wenyewe, una tope, ni mzito, ukiingia baharini unazama na kwenda zake chini. Hapana, na hili naomba tulielewane vizuri kwa sababu bila hili mengine hayaeleweki. Maji ya bahari yana chumvi, mita moja ya ujazo ina kama kilo 1,025, ya mto ina kama kilo 1,000. Ili maji ya mto yazame yenyewe inabidi yabebe tope la karibu kilo 40 kwa kila mita ya ujazo, na mito mingi mikubwa haifiki hata kilo 2. Kwa hiyo maji ya mto yanaelea, yanatanda juu ya bahari, ndo ile rangi ya kahawia mnayoiona kwenye picha za setilaiti. Mchanga wenyewe hauendi hata na hiyo safari, unadondoka palepale mlangoni mkondo unapoishiwa nguvu. Tope laini linasogea kidogo, chembe zake zikikutana na chumvi zinashikana madonge, madonge yanazama, mawimbi yanayainua tena, mkondo wa pwani unayachukua kwenda pembeni, na pembeni sio mbele. Angalieni Amazon, unaleta kama tani bilioni 1 za mashapo kwa mwaka, lakini tope lake linalotoka badala ya kunyoosha kwenda kilindini linakunja kushoto na kufuata pwani mpaka Guyana huko, mamia ya kilomita, linajenga kingo za matope njia nzima.

Ziwani mambo ni mengine. Mswisi mmoja, François-Alphonse Forel, miaka ya 1880 alieleza jinsi mto Rhône unavyoingia Ziwa Geneva ukiwa na maji ya baridi na tope, unazama, unafuata mfereji wake kabisa chini ya ziwa, na inawezekana kwa sababu ziwa halina chumvi ya kuuzuia. Kwa hiyo wazo la mto unaotembea chini ya maji lina umri mkubwa. Kilichochukua muda ni kuamini kwamba linatokea baharini pia.

Turudi kwenye mchoro tuutendee haki. Miaka kama 20,000 iliyopita, zama za barafu zilipofika kileleni, maji mengi sana yalikuwa yamefungwa kwenye barafu juu ya mabara na bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hadi 130. Linganisha na ile mita 130 ya ukingo wa rafu niliyotaja. Karibu rafu yote ilikuwa nchi kavu. Kati ya Uingereza na Ufaransa, pale leo meli zinapopita, palikuwa na mto mkubwa, Thames, Rhine na Seine zikiingia humo, mdomo wake ukiwa kwenye Ghuba ya Biscay karibu kabisa na mteremko. Rafu ya Sunda huko kusini mashariki mwa Asia ilikuwa nchi yenye mito yake, na mabonde ya mito hiyo bado yanaonekana chini ya bahari ukipima. Amazon nao ulivuka rafu yake yote, na ule mzigo wote ukawa unaingia moja kwa moja kwenye korongo na kushuka. Mwaka 1994 meli ya uchimbaji ya kisayansi JOIDES Resolution ilikwenda kutoboa lundo la Amazon huko chini, malundo haya yana umbo la pepeo na wanajiolojia wanayaita feni, na walichokuta ni kwamba kipindi cha barafu mashapo yalikuwa yanarundikana kwa mita nyingi kila miaka 1,000, halafu juu kabisa kuna tabaka jembamba tu lenye chokaa ya viumbe wa baharini. Hilo tabaka jembamba ndo kipindi chetu sisi, bahari ilipopanda mto ukarudi nyuma na feni ikalala.

Na bahari haikupanda kidogo kidogo kistaarabu. Kuna kipindi, kama miaka 14,500 iliyopita, ilipanda mita zaidi ya 15 ndani ya karne chache tu, wakati leo inapanda milimita 4 hivi kwa mwaka na tunahangaika. Mabonde ya mito yalizama, midomo ikageuka hori, na hori ni mtego mkubwa wa mchanga, mto ulilazimika kwanza kujaza hori lake mwenyewe kabla haujafikiria kwenda popote. Ndo maana delta nyingi tunazozijua leo zilianza kujijenga kama miaka 8,000 hadi 7,000 iliyopita, kasi ya bahari ilipopungua na mto ukapata nafasi ya kuishinda. Kwa hiyo kwa Amazon mchoro uko sahihi kabisa, sina neno.

Ila kabla sijaanza kuuharibu niwaonyeshe mchanga unateremkaje hasa, maana kwenye mchoro huwa kuna mshale tu, na mshale hauna fizikia.

Tarehe 18 Novemba 1929 kulitokea tetemeko kusini mwa Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Canada, kipimo 7.2. Kwenye mteremko ule kulikuwa na kebo za telegrafu za kuvuka Atlantiki. Zile zilizokuwa karibu na kitovu zilikatika papo hapo, hiyo haishangazi. Kinachoshangaza ni zilizofuata, zilikatika moja baada ya nyingine kwa mpangilio, ya juu kwanza, ya chini yake baadaye, na ya chini zaidi baadaye tena, zaidi ya masaa 13 kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, mamia ya kilomita kutoka tetemeko lilipotokea, na kampuni za kebo ziliandika kila saa na dakika kwa sababu kwao ilikuwa hasara ya pesa. Zile dakika zilikaa kwenye makabrasha zaidi ya miaka 20. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Maurice Ewing walizichukua wakazipanga kwenye ramani wakasema hiki ni kitu kimoja kilichokuwa kinatembea chini, ni mkondo wa tope, na umbali unao na muda unao kwa hiyo mwendo unaupata. Hesabu yao ya kwanza ilitoa mwendo mkubwa mno, za baadaye zimeushusha, ila bado ni karibu kilomita 70 kwa saa chini ya bahari.

Mkondo wa tope unaendeshwa na uzito wake mwenyewe. Maji yaliyochanganyika na mchanga ni mazito kuliko maji safi yaliyoyazunguka, yanateremka, yakiteremka yanapata kasi, kasi inachota mchanga mwingine wa chini, uzito unaongezeka, kasi inaongezeka, na mchezo unaendelea mpaka mteremko ulale. Mholanzi Philip Kuenen alikuwa ameshaujaribu kwenye matangi maabara, na mwaka 1950 yeye na Mwitaliano Migliorini wakaunganisha majaribio na miamba, kwamba zile tabaka za mawe ya mchanga zilizojaa kwenye milima ya Ulaya, mchanga mnene, yaani wa chembe kubwa, chini na mwembamba juu, ni mikondo ya tope iliyotulia.

Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu ni sehemu ninayoipenda. Ukipata tabaka moja la namna hii, labda lina unene wa nusu mita, anza kuliangalia chini. Upande wa chini kabisa una alama kama ndimi zilizovimba, kila ulimi una ncha butu upande mmoja na unapotea upande mwingine, hiyo ni michubuo mkondo ulipokuwa unakwangua tope la chini kabla haujaanza kuangusha mzigo, na ile ncha butu inakuonyesha mkondo ulitokea wapi. Juu yake mchanga mnene umejaa bila mpangilio, ulidondoka kwa haraka. Juu yake mistari iliyolala sambamba. Juu yake mistari iliyojipinda, viwimbi vidogo, mkondo umeshachoka. Juu yake mistari ya vumbi laini, na juu kabisa tope tupu lililochukua siku au wiki kutua. Arnold Bouma aliupanga mfuatano huu mwaka 1962 kutokana na miamba ya kusini mashariki mwa Ufaransa. Kwa hiyo tukio la masaa machache limeandikwa lote kwenye jiwe la nusu mita, halafu juu yake lingine, na lingine, mamia, na kati ya moja na jingine panaweza kuwa pamepita miaka mamia ambayo haikuacha alama yoyote zaidi ya kipande cha tope.

Haya sasa, tumejua chombo, turudi kwenye umbali.

Nchi ni China, mto ni Huang He, Mto Njano. Katikati ya karne iliyopita ulikuwa unaleta zaidi ya tani bilioni 1 za mashapo kwa mwaka, ni kati ya mito yenye tope zito kuliko yote duniani, ni mmoja wa mito michache mikubwa ambayo mafuriko yake yanaweza kweli kuzama chini ya maji ya chumvi. Kwa akili ya kawaida ungesema huu ndo mto wa kujaza kilindi. Kilindini haupeleki kitu cha maana! Unaingia kwenye Bahari ya Bohai ambayo kina chake cha wastani ni kama mita 18, halafu mbele kuna Bahari ya Njano ambayo nayo ni rafu tupu, mpaka ukute mteremko wa kweli umeshavuka kilomita mia kadhaa. Unabwaga kila kitu kibarazani.

Nchi nyingine, mto mwingine, Kongo. Kwa wingi wa maji ni wa pili duniani lakini kwa mashapo ni maskini, unaleta makumi tu ya mamilioni ya tani kwa mwaka kwa sababu bonde lake limejaa misitu, mabwawa ya asili na maeneo tambarare yanayokamata tope. Na bahari leo iko juu, kwa mujibu wa mchoro feni ya Kongo ilitakiwa iwe imelala kama ya Amazon. Lakini kichwa cha korongo la Kongo hakiko ukingoni mwa rafu, kimekata rafu yote kikaingia mpaka ndani ya mlango wa mto, kama kilomita 30 ndani, meli inapoingia mtoni chini yake kina ni mamia ya mita. Mto hauna haja ya kuvuka kibaraza, shimo limekuja mlangoni. Watu wa kebo waliligundua hili mapema kuliko wanasayansi, kebo ya telegrafu iliyopita pale tangu mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa inakatika mara kwa mara, na ukiangalia rekodi zake nyingi ni msimu mto umejaa.

Mwaka 2019 watafiti walizamisha vifaa vya kupima mkondo kwenye korongo hilo, vimefungwa kwenye nanga na maboya, kuanzia karibu na mlango mpaka mbali kilindini. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo Kongo ikapata mafuriko makubwa ambayo hayajaonekana kwa kama miaka 50. Hakikutokea kitu. Mto ukaanza kupungua. Halafu tarehe 14 Januari 2020 maboya yakaanza kuibuka juu ya bahari, moja baada ya jingine kuteremka na korongo, nanga zimekatika, vifaa vinapiga kelele kwenye setilaiti, na tarehe 16 kebo mbili za intaneti, SAT-3 na WACS, zikakatika na sehemu kubwa ya magharibi na kusini mwa Afrika intaneti ikawa ya kubembeleza. Muda wa kila boya kuibuka ukawa kama zile dakika za 1929, na ripoti ilipotoka mwaka 2022 ilionyesha mkondo mmoja uliotembea zaidi ya kilomita 1,100, na badala ya kuchoka ulikuwa unaongeza mwendo, kutoka mita 5.2 kwa sekunde mpaka mita 8. Kwa makadirio yao mikondo ya mwaka ule ilikwangua korongo tani bilioni 1.3 hadi 2.7. Kumbuka mto wenyewe unaleta makumi ya mamilioni tu kwa mwaka, yaani mto haukuupa mkondo huo mzigo, mto uliuwasha tu, mzigo ulikuwa umelala korongoni miaka na miaka ukisubiri.

Kati ya hao wawili ndo utawakuta wengine wote. Ganges na Brahmaputra kwa pamoja zinaleta kama tani bilioni 1, feni ya Bengal ndo kubwa kuliko zote duniani, urefu wake kama kilomita 3,000, na bahari ikiwa juu hivi hivi bado inapokea, kama theluthi ya mzigo inaingia kwenye korongo kwa sababu kichwa chake kimepenya ndani ya rafu mpaka karibu na pwani. Kilichopungua tangu zama za barafu ni kiasi, njia haijafungwa. Kusini mwa California hakuna hata mto wa maana mlangoni mwa korongo, ni mawimbi yanasukuma mchanga wa ufukwe kando ya pwani mpaka unakuta kichwa cha korongo la La Jolla kimejibanza karibu na ufukwe, unadumbukia. Na hapo mchoro unageuka kichwa chini kabisa, maana watafiti walipopima umri wa tabaka za huko walikuta La Jolla imepokea mchanga vizuri bahari ilipopanda na ikiwa juu, wakati bahari ikiwa chini mchanga ulikuwa unapita njia nyingine. Huko Taiwan korongo la Gaoping linaanza kama kilomita 1 tu kutoka mlango wa mto, milima iko juu ya pwani, na kimbunga Morakot cha Agosti 2009 kiliposhusha mvua ya karibu mita 3 ndani ya siku chache, tope liliingia korongoni likakata kebo mpaka kwenye mfereji wa Manila, bonde refu la kilindini. Hapo bahari ipande ishuke, mwenye nyumba ni kimbunga na tetemeko.

Kuna mtu anatikisa kichwa, ngoja nimtangulie. Utasema sawa lakini bahari ikishuka si umbali unapungua kwa mito yote, kwa hiyo mchoro unabaki. Unapungua, ndio, ila haupungui sawa, na mto haulazimiki kuchimba. Inategemea mwinamo. Bahari ikirudi nyuma ikaacha rafu ambayo imelala kuliko mto wenyewe, mto unarefuka tu na kutandaza mchanga wake juu ya ile rafu, hauchimbi bonde na mzigo mwingi unabaki njiani. Bahari ikishuka mpaka kwenye sehemu kali kuliko mto, hapo ndo mto unaanza kujichimbia kurudi nyuma. Ukitaka kuona ukali wake wote angalia Mediterania kati ya miaka milioni 5.97 na 5.33 iliyopita, ilipotengwa na Atlantiki ikakauka kwa kiasi kikubwa na usawa wake ukashuka vibaya mno, Nile ukachimba korongo la ajabu, na wakati wa kujenga bwawa la Aswan miaka ya 1960 mtaalamu wa Kisovieti, Chumakov, alikuta chini ya mto pale korongo la kale lililojaa mashapo ya baharini, chini ya usawa wa bahari wa leo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Zile mita 120 za zama za barafu hazina ubavu wa namna hiyo. Kwenye mito mingi zilitosha kufikisha mdomo ukingoni na kwa mingine hazikutosha.

Halafu tukisema usawa wa bahari kila mtu anawaza miaka elfu. Bahari inashuka na kupanda kila siku. Kwenye delta ya Squamish, magharibi mwa Canada, mwaka 2011 timu moja ilipima sakafu ya bahari karibu kila siku ya kazi msimu mzima wa maji mengi, mikondo ya tope zaidi ya 100 ikapita. Nyingi zilitokea maji yakiwa yamekupwa, na mto ukiwa umejaa vya kutosha. Maana yake nini, bahari ikikupwa mdomo wa mto unasogea mbele, maji ya mto yanapita kwa kasi kwenye ukingo wa delta na tope linamwagwa juu ya mteremko wenyewe badala ya juu ya uwanda. Ile habari ya bahari ikiwa chini ambayo tunaichora kwa miaka 20,000 inachezwa pale kwa masaa 6. Tena walipopima lile tope juu ya maji lilikuwa jepesi mno, halifiki hata sehemu ndogo ya zile kilo 40, na mikondo ikatokea vilevile, kwa sababu linatua na kujikusanya karibu na sakafu kwanza ndo linaanza kuteremka. Kwa hiyo ile kilo 40 ni hesabu ya mto kuzama wenyewe, sio sharti la mchanga kufika kilindini, na miaka mingi tuliichanganya.

Na Kongo ni hivyohivyo. Nilisema mafuriko ya Desemba yalipita kukawa kimya mpaka katikati ya Januari. Mafuriko yalirundika mchanga kichwani mwa korongo, ukawa umekaa kwa kubahatisha, kilichoudondosha kilikuja wiki kadhaa baadaye, na rekodi za kebo pale zinaonyesha mikatiko inapenda siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kukupwa sana.

Kuna swali hapa mbele, dada anauliza je bahari ikipanda mita 1 karne hii si ndo njia zote zitafungwa. Swali zuri. Kwa mita 1 kwenye rafu ya Amazon hutaona tofauti, njia ilishafungwa muda mrefu. Kwenye Kongo na Gaoping pia hutaona, kichwa cha korongo kiko mlangoni au ndani ya mto kabisa na mita 1 haikisogezi. Zitakazoumia ni delta zenyewe huko juu, na huko mabwawa yameshafanya kazi kubwa kuliko bahari, Nile uliokuwa unaleta zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka leo haufikishi karibu chochote, na Huang He umebaki na sehemu ndogo ya ule mzigo wake.

Na kaka wa kebo pale nyuma, wewe uliyeuliza kabla hatujaanza kama hili la mikondo kukata kebo linaweza kutabirika. Siku hasa, hapana. Lakini mafuriko makubwa ya Kongo unayaona wiki nyingi kabla kwenye vipimo vya mto huko juu, na jedwali la bamvua la mwaka mzima liko tayari, kwa hiyo ukiviweka pamoja unapata siku chache chache za wasiwasi ndani ya miezi inayofuata mafuriko. Meli ya kutengeneza kebo ikiwa siku hizo iko bandari ya karibu badala ya kuwa upande wa pili wa bara, umeokoa wiki nzima.